Inakulipa Nini?

Naanza na swali ambalo tangu nimalize shule nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoulizwa jina langu: inakulipa nini?

Kama umeshavuka miaka ishirini na una kitu unachokipenda ambacho hakileti unga nyumbani, swali hili unalijua. Anayefuga njiwa ameulizwa. Anayepiga gitaa barazani ameulizwa. Anayefuma vitambaa na anayeshinda kwenye drafti la vizibo vya soda, nao wameulizwa. Anayeandika riwaya kwenye daftari ndiyo usiseme. Huyo anaulizwa mpaka na muuza daftari.

Mimi nina miaka 26. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, na leo nauza misumari, mabati na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Tandika. Tunafungua saa moja asubuhi, tunafunga saa moja usiku. Usiku naandika. Riwaya yangu imeingia daftari la tatu, yale makubwa ya kaunta. Haina mchapishaji, na wasomaji wake mpaka sasa ni wawili, mmoja wao mimi. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani anayezungumza hapa ni mtu aliyefanikiwa anayegawa nasaha.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu mjomba aliniita sebuleni. Naishi chumba cha uani kwake, na ukiitwa sebuleni unajua hukuitiwa chai. Mama alikuwepo, amekuja kutoka Kisarawe, na mama mdogo alikuwepo. Shikamoo zikapita, habari za wagonjwa zikapita, mjomba akakohoa.

"Mjomba, sina maneno mengi. Nimepata pikipiki. Si mpya, lakini injini nzima. Nakupa kwa mkataba, unaniletea hesabu yangu, ikitimia chombo chako. Ila yale makaratasi uyaache. Mtu hawezi kubeba abiria huku kichwani ana hadithi. Utagonga watu."

Mama mdogo akacheka. Mama hakucheka.

"Lakini mjomba, mimi naandika usiku," nikasema.

"Na inakulipa nini?"

Nikaomba nipewe mpaka mwisho wa mwezi nijibu. Makala haya ndiyo jibu langu. Najua mjomba atayasoma, kwa sababu nitayaweka juu ya meza ya sebuleni, palepale aliponiulizia.

Kwanza tukubaliane kwamba swali hili lina umri wake. Mtoto haulizwi. Shuleni walituimbisha kwaya, wakatughanisha ngonjera, wakatupeleka UMISSETA kwa basi la kukodi, na siku ya mahafali mgeni rasmi akasema vipaji viendelezwe. Hakuna aliyesimama kuuliza kwaya inatulipa nini. Halafu ukamaliza mtihani wa mwisho, ukarudisha madawati, na kuanzia Jumatatu kile kilichokuwa kipaji kikaitwa utoto. Nani aliyepitisha sheria hiyo, na kikao kilikaa wapi? Mimi sikualikwa.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Wiki ileile ya kikao, mjomba alinituma nitoe maboksi stoo kwa sababu bati linavuja. Ndani ya boksi moja mlikuwa na magazeti na majarida ya miaka ya 1990, yameliwa na mende pembeni. Nikakaa chini, nikafungua. Mliozaliwa baadaye kama mimi hamjui, lakini zamani ilikuwapo kurasa ya marafiki wa kalamu. Mtu anapeleka jina, umri, sanduku la posta, na vitu anavyovipenda. Picha ndogo za mviringo, vijana wamevaa mashati yenye kola kubwa, wote wanapenda kusoma, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo. Nikawa nacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana safu ya tatu, toleo la mwaka 1994, alikuwamo mjomba. Miaka 22. Anapenda kuchora, kusoma riwaya na kubadilishana mawazo na marafiki wa jinsia zote.

Kuchora! Mjomba, ambaye leo akishika kalamu ni ya kuandika hesabu ya saruji.

Nilimpelekea ukurasa jioni. Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema, "Aa, wakati ule nilikuwa mtoto." Lakini mjomba hakuwa mtoto. Mwaka ule alikuwa fundi umeme, analipa kodi ya chumba, na mama ndiye aliyenihadithia kwamba alikuwa anatuma fedha nyumbani kila mwezi. Alikuwa mtu mzima kwa kipimo chochote mnachokijua. Anaposema alikuwa mtoto, maana yake ni kwamba wakati ule alikuwa bado na kitu anachokipenda. Huo ndio msamiati wa wakubwa wetu, na mimi naukataa.

Lugha yetu ina neno zuri ambalo tumelipeleka kwenye kurasa za michezo tukalisahau hukohuko. Bondia anayepigania fedha tunamwita bondia wa kulipwa. Anayepigana bila fedha tunamwita bondia wa ridhaa. Hatukumwita bondia wa bure, wala bondia wa kupoteza muda. Wa ridhaa: kakubali mwenyewe, hakuna aliyemshika shati. Wazee waliolichagua neno hili walijua wanachosema. Mtu wa kulipwa unaweza kumuuliza nani kamtuma. Mtu wa ridhaa kajituma.

Na msidhani ridhaa ni jina la watu dhaifu. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Alikuwa askari wa jeshi letu, na riadha ya siku zile ilikuwa ya ridhaa kwa sheria. Ukikamatwa unapokea fedha kwa kukimbia unafungiwa. Hivyo ndivyo mtu wa Tanzania alivyokimbia kuliko binadamu wote waliowahi kupimwa kwa saa katika umbali ule.

Nenda Unguja. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905, imevuka miaka 100. Klabu za namna ile zimejengwa na wanachama. Mchana mtu ana kazi yake, jioni anakuja mazoezini. Serikali zimekuja na kuondoka, fidla bado inalia.

Njoo kwetu waandishi. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, akafa mwaka 1962, na katikati hapo alikuwa karani wa serikali ya mkoloni kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu tulivyovisoma shuleni viliandikwa na mtu mwenye meza ya ofisini na bosi. Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, miaka 6 baada ya yeye kuzikwa. Haya, nani yuko tayari kwenda kumuuliza kilimlipa nini?

Najua mtakachojibu. Mtanitajia Tingatinga. Eti Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyekuja mjini akafanya vibarua na kazi za nyumbani, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya silingibodi, akauza kwa wazungu, na mpaka leo watu wanasomesha watoto kwa mtindo uliobeba jina lake. Ni kweli tupu, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mtu anayemgeuza marehemu kuwa fimbo: "Unaona? Chora kama yule uuze." Yule hakuchora kama mtu yeyote. Rangi ya baiskeli aliishika mwenyewe, hakuambiwa na soko. Angesubiri soko limwambie, tungekuwa na kibarua mmoja zaidi asiye na jina.

Lakini tuache wakubwa, niwaeleze ya nyumbani kwetu.

Mama yangu anafuma vitambaa. Vya makochi, vya meza, na vya televisheni enzi zile televisheni zilipokuwa na mgongo wa kuwekea kitambaa. Alikuwa akifuma huku anaimba, na sisi watoto tulijua hali ya nyumba kwa wimbo. Kila mgeni alisema neno moja: "Dada, vizuri hivi, si uuze?" Mwaka 2019 akakubali. Zikaja oda. Mmoja anataka rangi ya maziwa, kitambaa kikiisha anasema alimaanisha rangi ya krimu. Mwingine analipa nusu, nusu nyingine mpaka leo tunaisikia kwenye simu. Wa tatu akaja na rula kupima, akakuta kimepungua upana wa kidole. Mama akawa anafuma amenuna. Nyimbo ziliisha kabla ya uzi. Alipomaliza oda ya mwisho akaifunga sindano ya kufumia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya kabati, ikakaa miaka miwili.

Siku aliyoanza tena hakutangaza. Tulisikia tu wimbo kutoka chumbani, tukatazamana. Wageni wanaendelea kumwambia auze. Siku hizi anajibu, "Nimeshauza, asante."

Mimi nami nimeonja. Nilianzisha kundi la WhatsApp, hadithi kwa vipande, kila kipande shilingi 500. Wakajiunga watu 31. Kipande cha tisa shujaa wangu alikuwa afe. Hadithi nzima niliijenga afe. Nikadokeza tu, simu ikawaka moto. Akifa hatulipi. Basi nikamponya kwa mizizi ya bibi mmoja ambaye hakuwahi kuwamo kwenye hadithi, na harusi juu. Nilipata kama shilingi 90,000 kwa jumla, nikazila, na sitasema zilikuwa chungu. Lakini hadithi ile sijaweza kuifungua tena. Namwona yule shujaa anaoa huku ananuka maiti.

Ndiyo maana nawauliza wanaouliza: mkishajua inanilipa nini, mtaacha kunipangia nani afe?

Sasa hapa nifunge mlango mmoja kabla hajaingia mtu nisiyemkaribisha. Yupo mchapishaji atakayesoma makala haya akasugua viganja. "Kumbe vijana wanaandika kwa ridhaa! Basi hata mrabaha hawauhitaji." Wee! Subiri kidogo. Ridhaa ni yangu, naitoa mimi. Hakuna anayeridhia kwa niaba ya mwenzake. Chumbani kwangu, usiku, na daftari langu, ni wa ridhaa. Lakini kitabu kikishapangwa dukani na bei mgongoni, mpiga chapa kalipwa, dereva kalipwa, muuzaji kapata chake, basi mwandishi naye apewe mrabaha wake kwa hesabu iliyo wazi. Anayekuambia "si unapenda mwenyewe?" huku yeye anatia fedha mfukoni, huyo ni ndugu yake yule anayeuliza inakulipa nini. Wamegawana zamu tu. Mmoja anakukataza kupenda, mwingine anakutoza kwa kupenda.

Na nyie wenzangu wa kijiwe hiki cha kalamu, msikenue meno, nawafikia. Kwenye vikao vyetu tunasoma kazi zetu nusu saa, halafu saa mbili tunazungumza fedha. Tangu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, nasikia maswali ya ajabu. Majaji wanapenda mada gani? Mhusika awe wa mjini au kijijini? Tuzo ni jambo jema, Mungu aizidishie. Lakini mtu ambaye hajaandika ukurasa wa kwanza anapoulizia ladha ya majaji, huyo hajaanza uandishi, anatafuta tenda. Mshikaji mmoja aliniambia ataanza riwaya yake akishajua inalipa. Nikamwambia basi una bahati, umeshaimaliza.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili, maana nikiusifia usiku wangu bila kueleza mbu nitakuwa mwongo. Kitu unachokipenda ukubwani kinatesa. Mtoto akicheza kachoka anaitwa akale. Mimi nikifika nyumbani nimeshabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 tangu asubuhi, vidole haviwezi kushika kalamu sawasawa. Nafungua daftari, nasoma ya jana, nagundua ya jana ni pumba. Umeme unakatika kwenye sentensi nzuri, haukatiki kwenye mbaya. Mwaka jana simu ikaibiwa kwenye daladala la Mbagala, ikaondoka na sura mbili nilizokuwa nimeziandika humo, ndipo nikarudi kwenye daftari. Kuchapisha sura moja stesheneri ni fedha ya mboga ya wiki. Na ziko wiki tatu mfululizo nisizoandika hata mstari, na hakuna anayejua wala anayeuliza. Kibaruani usipofika unatafutwa. Huku ukipotea, ndiyo umepotea.

Na mimi ni mwanamume, afadhali yangu. Temeke kila Jumapili asubuhi utawaona watu wa klabu za jogging, wanaimba barabarani, jasho linawatiririka, na mwili unakusisimka ukiwatazama. Dada jirani yetu alitamani sana kujiunga. Saa kumi na moja alfajiri wenzake wakipita, yeye yuko kwenye jiko la mkaa, anakaanga maandazi ya watoto na ya mume. Alipothubutu kwenda mara mbili, mtaa ukasema kakosa kazi. Mwanamume akiwa na anachokipenda huambiwa anapoteza fedha. Mwanamke huambiwa anapoteza nyumba. Kwa hiyo jamani, tunaopigania hobi zetu tukumbuke nani anapika wakati sisi tunaandika. Mimi nimeanza kufua mwenyewe. Si ushujaa. Ilikuwa aibu nilipoihesabu.

Sasa kwa nini naendelea? Nitawaeleza kisa kimoja tu. Jumatano moja nilikuwa napima misumari ya inchi nne, kilo mbili, foleni ndefu. Wiki nzima nilikuwa nimekwama kwenye sura ya sita. Mzee mmoja anabishiwa hodi na mwanawe, na nilikuwa sijui kwa nini hafungui. Ghafla, mkono ukiwa ndani ya misumari, nikajua. Mzee amevaa koti la huyo mwanawe, anaona haya kuonekana nalo. Nikacheka kwa sauti, peke yangu. Mteja akahesabu chenji yake upya. Siku ile bosi alinifokea mara mbili na hakuna neno lake lililoniingia. Nilikuwa na kitu ambacho hakuwa amenipa, kwa hiyo hakuweza kukichukua.

Hiyo ndiyo hesabu yangu, mjomba. Duka linanilipa mshahara, na baada ya mshahara mimi ni mali ya duka saa kumi na mbili kila siku. Riwaya hainilipi, na ndiyo sehemu pekee ya siku ambayo mimi si kijana wa duka, si mpangaji wa uani, si mtu wa matokeo yaliyokuja kama yalivyokuja. Ukiniondolea hiyo, pikipiki utampa nani? Utaikabidhi kwa mikono miwili na mguu wa gia.

Kwa hiyo nakujibu kwa heshima, mbele ya mama na mbele ya wasomaji hawa. Pikipiki naipokea, na hesabu yako utaipata kila siku kabla sijala. Kichwani nitakuwa barabarani, sitagonga mtu. Sharti silipokei. Ukisema pikipiki na sharti haviachani, basi nitabaki na misumari yangu, na sitanuna, na Jumapili nitakuja kukusalimia kama kawaida. Na lile boksi usilirudishe stoo. Bati linavuja palepale, na mna picha zako ndani. Nimezitazama. Yule ng'ombe aliyelala chini ya mwembe ulimpatia, mjomba.

Ombi la mwisho ni kwa wahariri. Chini ya makala haya msiniandike "mwandishi chipukizi". Nimelisikia neno hilo mpaka limenichosha. Mtu anaweza kuchipukia miaka thelathini akazikwa na umande wake. Niandikeni kama walivyokuwa wakiandikwa wale wa kurasa za zamani:

Muuza misumari, mwandishi wa ridhaa. Miaka 26. Tandika, Dar es Salaam. Anapenda kuandika riwaya, kusoma, na kubadilishana mawazo na watu wa rika zote.